Kidonda cha Usoni Kisichopona: Ushauri kwa Wanaoanza Kazi ya Tiba Malindi

Wenzangu mnaopangiwa kazi katika hospitali ya Malindi, na nyinyi mnaopelekwa zahanati na vituo vya afya kuanzia Watamu hadi Marereni, mtakutana na vidonda vya usoni visivyopona mapema kuliko mnavyotarajia. Wengine kati yenu ni madaktari wa meno walio katika mwaka wa mafunzo ya kazi, wengine maafisa wa kliniki, wengine wauguzi, na karibu nyote mmezoea kuhesabu kwamba saratani ya ngozi ni shauri la daktari wa ngozi, na kwamba daktari bingwa wa mdomo, taya na uso kazi yake ni mataya yaliyovunjika katika ajali za bodaboda. Nimefanya kazi hii Pwani kwa muda wa kutosha kuwaambia kwamba mgawanyo huo hauwasaidii wagonjwa wetu. Saratani ya ngozi ya uso ina nafasi kubwa zaidi ya kupona inapokatwa mara ya kwanza, na anayeikata anapaswa kuwa anajua kilicho chini ya ngozi ile na namna atakavyoliziba pengo kabla hajashika kisu. Kazi yenu nyinyi mnaomwona mgonjwa kwanza ni kuilinda nafasi hiyo ya kwanza isiharibike.

Inafaa kujua ni kwa nini fani iliyoanzia kwenye meno imefika kwenye ngozi. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, askari waliopasuliwa nyuso na risasi walitibiwa Ufaransa na daktari wa meno aitwaye Charles Valadier, kwa sababu yeye ndiye aliyejua kuyashika mataya yaliyosambaratika. Harold Gillies, daktari wa masikio na koo, aliona kazi ile na baadaye akaongoza hospitali ya nyuso iliyofunguliwa Sidcup, Uingereza, mwaka 1917, ambako madaktari wa meno na wapasuaji walifanya kazi meza moja. Tangu hapo mtu aliyesomea taya amelazimika kusomea pia ngozi inayolifunika, mishipa ya fahamu inayopita katikati yake, na tezi za shingo zinazopokea maji ya mwili kutoka huko. Hapa Kenya daktari huyu huanza na shahada ya udaktari wa meno, kisha husoma shahada ya uzamili katika upasuaji huu, kama inavyofundishwa Chuo Kikuu cha Nairobi. Uingereza humtaka awe na shahada zote mbili, ya tiba na ya meno.

Sasa mjue ni nani atakayeingia mlangoni mwenu. Wa kwanza, na ninaowaombea kuliko wote, ni watu wenye ualbino. Ngozi yao haina rangi ya kuwakinga, nao wanaishi digrii 3 tu kusini mwa ikweta, mahali ambapo jua huwa karibu na utosi mwaka mzima. Saratani inayowapata zaidi barani Afrika ni karsinoma ya seli skwamasi, yaani saratani ya seli bapa za tabaka la juu la ngozi, na sehemu inayoathirika zaidi ni kichwa na shingo: masikio, kipaji cha uso, mdomo wa chini, na shingo kwa nyuma ambako kola ya shati haifiki. Huanza mapema maishani. Kijana ambaye hajafika miaka 30 anaweza kuja na kidonda ambacho Ulaya kingemtokea mtu wa miaka 70, kwa hiyo umri mdogo usikufanye uiondoe saratani katika hesabu zako.

Wa pili ni watu weusi wenye makovu. Ngozi nyeusi ina kinga kubwa dhidi ya jua, lakini haina kinga dhidi ya kovu la moto lililopasuka na kutopona kwa miaka, wala dhidi ya ugonjwa wa lupasi ya ngozi unaoacha mabaka meupe yaliyokauka kwenye mashavu, masikio na midomo. Saratani inayotokea ndani ya kovu la zamani hubeba jina la Jean-Nicolas Marjolin, mpasuaji wa Ufaransa wa karne ya 19, na mara nyingi huchukua miongo kadhaa kujitokeza. Watu wetu huita hali kama hiyo kidonda ndugu, wakakizoea, wakakisafisha kwa maji ya chumvi na kukifunga kitambaa. Mzee akikwambia kovu lake lilikuwa limetulia tangu utotoni na sasa lina uvimbe wenye kingo ngumu, unaotoa harufu na damu, usimwandikie tena dawa ya kuua vijidudu.

Wa tatu ni wazee wa Kizungu, wengi wao Waitaliano, waliohamia Malindi na Watamu wakaishi miaka mingi wakiota jua la ufukweni. Hawa ndio watakaowaonyesha karsinoma ya seli basali, yaani saratani ya seli zilizo chini kabisa ya tabaka la juu la ngozi: kiuvimbe kidogo puani au kandoni mwa jicho, king'aavu kama lulu, chenye vimishipa vyembamba vya damu juu yake, kinachotoa kigaga na kudanganya kuwa kimepona. Ni nadra sana kusambaa mwilini, lakini kikiachwa hula pua, kope na hata mfupa wa tundu la jicho.

Kuhusu jua lenyewe, kuna jambo moja ambalo vijana hulikosea wakati wa kutoa elimu. Joto si kipimo. Katika miezi ya kusi, upepo unapopoa na mawingu kutanda, mionzi inayounguza ngozi inaendelea kupenya, na mama humwachia mtoto wake mwenye ualbino acheze nje kwa kuwa hakuna jua kali. Maji, mchanga mweupe na mashamba ya chumvi ya Gongoni huongeza mionzi kwa kuirudisha juu, hivyo kofia peke yake haimtoshi anayefanya kazi huko. Anahitaji mikono mirefu, kitambaa shingoni, miwani na losheni yenye kiwango cha kinga cha 30 au zaidi, inayopakwa upya kila baada ya saa 2, na kama inawezekana kazi ya ndani kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni. Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu lina mpango wa kuwapatia watu wenye ualbino losheni hizo kupitia hospitali za umma. Ulizeni duka la dawa la kituo chenu mapema, kabla mgonjwa hajawauliza.

Nije kwenye uchunguzi, ambao ndio ninaoona unapuuzwa zaidi. Kiti cha daktari wa meno kina taa kali kuliko chumba chochote cha kawaida cha hospitali, na mgonjwa hukaa amelegea, uso umeelekea juu, kwa dakika nyingi. Nyinyi mliofika kupitia meno, tumieni nafasi hiyo kuangalia ngozi kabla ya kuomba mdomo ufunguliwe: nyuma ya masikio, pembe za macho, mbawa za pua, mpaka wa nywele, mdomo wa chini. Mwanamke aliyevaa nikabu apewe faragha na awepo muuguzi wa kike, na aelezwe kwanza kwa nini unahitaji kuuona uso wote. Nimeona akina mama wastahifu waliobeba kidonda kwa muda mrefu kwa sababu tu hakuna aliyewaomba kwa adabu. Salamu iliyokamilika na neno la heshima, Bibi au Mama, hufungua zaidi ya fomu yoyote.

Ukishakiona kidonda, kiguse. Jaribu kukisogeza juu ya mfupa ulio chini yake, kwa maana kidonda kilichoshikamana na fuvu au taya si cha kukatwa kwa ganzi ya sindano. Kisha gusa tezi: mbele ya sikio, ndani ya tezi ya mate iliyo shavuni, chini ya taya, halafu shingo yote hadi juu ya mfupa wa mtulinga, pande zote mbili. Mwambie mgonjwa akunje kipaji, afumbe macho kwa nguvu, ajaze mashavu hewa, atabasamu. Muulize kama kuna sehemu ya uso yenye ganzi, au hisia ya sisimizi wanaotembea chini ya ngozi. Saratani hizi zina tabia ya kutambaa kando ya mishipa ya fahamu, na ganzi ya mdomo wa juu au jicho lisilofumba vizuri huwa habari nzito kuliko ukubwa wa kidonda chenyewe. Andika yote hayo, pamoja na kipimo cha kidonda kwa milimita, na kwa idhini ya mgonjwa piga picha yenye rula pembeni. Atakayemwona Mombasa anahitaji kujua kidonda kilikuwaje siku ulipokiona wewe.

Kuchukua kipande cha kupima ni kazi inayoweza kufanywa Malindi, na ikifanywa vizuri huokoa muda mwingi sana. Chukueni sehemu ya ukingo, pale ngozi yenye ugonjwa inapokutana na ngozi nzima, na kwa kina cha kufikia mafuta yaliyo chini ya ngozi. Kipande kilichotoka katikati ya kidonda mara nyingi huwa ni nyama iliyokwisha kufa, na majibu yake yatarudi yakisema hakuna kilichoonekana. Msikate katikati ya njia ya mshipa wa fahamu wa uso, hasa pale unapopita juu kwenye kipaji upande wa nje wa nyusi na pale unapovuka ukingo wa taya la chini, kwa kuwa katika sehemu hizo mbili umelala karibu na uso wa ngozi. Dawa ya ganzi ya lignokeni yenye adrenalini isizidi miligramu 7 kwa kila kilo ya uzito wa mgonjwa. Kipande kiingie mara moja kwenye formalini ya asilimia 10, dawa ya maji ya kuhifadhi nyama, na maji hayo yawe mara 10 ya ujazo wa nyama yenyewe. Kikiwekwa kwenye maji ya chumvi ya dripu kitaoza njiani, na mgonjwa atakatwa mara ya pili bila sababu.

Fomu nayo ni sehemu ya matibabu. Mwanapatholojia, daktari anayesoma nyama hiyo maabara, hamwoni mgonjwa, anaona kikopo. Mwandikieni upande gani, sehemu gani ya uso, muda gani, kama kuna kovu la zamani, kama mgonjwa ana ualbino au anaishi na virusi vya UKIMWI, na nyinyi wenyewe mnadhani ni nini. Penye doa jeusi mnalolishuku kuwa melanoma, saratani ya seli za rangi ya ngozi, ni afadhali liondolewe lote pamoja na milimita 2 za ngozi inayolizunguka, kwa sababu matibabu yote yanayofuata hutegemea kina cha doa, na kina hicho hakipimiki vizuri kwenye kipande. Likiwa kubwa au likiwa mahali pagumu, liache kama lilivyo na umpeleke mgonjwa.

Hapa niseme neno kali kidogo. Msikikate kidonda cha usoni kwa nia ya kukimaliza, mkakishona, mkamrudisha mgonjwa nyumbani bila kupeleka nyama maabara. Najua shinikizo lilivyo: mgonjwa ametoka Marafa, nauli imekwisha, anakuomba umtolee tu. Lakini saratani iliyobaki chini ya mshono hukua bila kuonekana, kovu hubadilisha ramani ya ngozi, na mpasuaji wa pili atalazimika kuondoa eneo lote ulilogusa na zaidi. Dawa za kuchoma kidonda ni mbaya vilevile, maana hufunika juu na kuacha chini kukiendelea kuliwa.

Mgonjwa anapofika kwa daktari wa upasuaji wa uso, swali la kwanza huwa ni ukingo: ngozi nzima kiasi gani iondolewe pamoja na ugonjwa? Karsinoma ya seli basali iliyo ndogo kuliko sentimita 2 na yenye mpaka unaoonekana hutolewa na milimita 4 kuizunguka, na kiasi hicho husafisha takriban visa 95 kati ya 100. Ya seli skwamasi isiyo na dalili mbaya huhitaji milimita 4 hadi 6, na ile kubwa, au iliyo ndani ya kovu, au iliyo sikioni au mdomoni, huhitaji zaidi. Ni rahisi kuyaandika haya, lakini kwenye kope milimita 4 ni kope nzima, na kwenye ncha ya pua ni ncha yote. Ndiyo maana katika sehemu ya kati ya uso, inayozunguka macho, pua na midomo, na kwenye masikio, nchi zenye uwezo hutumia mbinu aliyoianzisha Frederic Mohs wa Wisconsin katika miaka ya 1930, ambapo ngozi hukatwa tabaka kwa tabaka na kila tabaka husomwa kwa hadubini mgonjwa akiwa bado anasubiri. Pasipokuwa na mbinu hiyo kuna njia ya subira: kukata, kufunga pengo kwa kitambaa safi chenye mafuta, kungoja majibu ya maabara, na kujenga uso baada ya kuhakikisha kingo zote ni safi. Wauguzi wapya hushtuka kumwona mgonjwa ameachwa na pengo wazi puani. Huko si kumtelekeza. Kulifunika pengo kwa nyama kabla ya kujua kama ugonjwa umekwisha ndiko kunakomponza, na nyinyi ndio mtakaowaeleza jamaa zake jambo hilo kila mnapobadilisha bandeji.

Kujenga upya uso ndiko ninakokupenda zaidi katika kazi hii. Mdomo uliopoteza theluthi moja au pungufu unaweza kushonwa moja kwa moja, ukingo kwa ukingo, na mtu akarudi kula na kuzungumza. Ukipotea zaidi ya hapo, huazimwa nyama kutoka mdomo wa pili au shavuni. Shavu huzibwa kwa kusogeza ngozi legevu ya mbele ya sikio na shingo. Pua iliyoliwa hujengwa kwa ngozi ya kipaji cha uso, mbinu iliyotoka Bara Hindi tangu zama za kale na ambayo Uingereza iliisoma katika jarida moja la London mwaka 1794. Hufurahisha kuona kwamba sisi wa mwambao huu, ambao bahari yetu ni moja na Wahindi, tunatumia mpaka leo elimu iliyotoka upande ule wa maji. Ngozi ya kipaji hukatwa pande tatu, ikaachwa na shina lenye mshipa wa damu karibu na nyusi, ikageuzwa na kushonwa puani, na shina hilo hubaki likining'inia katikati ya macho kwa muda wa takriban wiki 3 kabla ya kukatwa. Mwonyesheni mgonjwa picha kabla ya upasuaji. Asiyeambiwa atajificha ndani, au atakimbia kabla ya awamu ya pili. Kipandikizi cha ngozi tupu, kinachotolewa nyuma ya sikio au juu ya mtulinga kwa sababu rangi yake hufanana na ya uso, ni chepesi zaidi kukitengeneza, lakini hakishiki juu ya mfupa mtupu. Na pale sikio, pua au jicho lisipoweza kujengwa kwa nyama, fundi wa viungo bandia hutengeneza cha silikoni. Kwa mzee aliyechoka na upasuaji, mara nyingi hicho ndicho kilicho bora.

Ugonjwa ukiwa umepita ngozi, ndipo mafunzo ya daktari huyu yanapoonekana wazi. Huweza kuondoa tezi ya mate ya shavuni huku akiufuata mshipa wa fahamu tawi kwa tawi, akasafisha tezi za shingo, akaondoa kipande cha taya, na kulijaza pengo lake. Wagonjwa wengine huhitaji tiba ya mionzi baada ya hapo, na jambo linalowahusu moja kwa moja madaktari wa meno wapya ni hili: mionzi ikigusa taya, mfupa hupoteza uwezo wa kupona, kwa hiyo meno mabovu yang'olewe na vidonda vyake vipewe angalau siku 10 hadi 14 kabla ya mionzi kuanza. Jino lililong'olewa kiholela baada ya mionzi linaweza kumletea mgonjwa kifo cha mfupa wa taya. Ulizeni kila mara kama mtu aliyekaa kitini amewahi kupigwa mionzi ya kichwa au shingo.

Mambo mawili kwa ufupi. Ufizi mweusi pande zote mbili ni wa kawaida kwetu, lakini doa moja jeusi kwenye kaakaa linalokua au kutoa damu lipimwe haraka, kwani melanoma ya mtu mweusi hupenda nyayo na ndani ya mdomo kuliko mashavu. Na madoa ya zambarau kwenye kaakaa, pua au uso yanaweza kuwa sarkoma ya Kaposi, saratani inayowapata zaidi wanaoishi na virusi vya UKIMWI, ambayo tiba yake kuu ni dawa za kupunguza makali ya virusi hivyo na, inapobidi, tibakemikali. Huyo mpimeni virusi kabla hamjafikiria kisu.

Baada ya upasuaji, maagizo yenu yafuate maisha ya watu wa hapa. Muislamu anayeswali swala tano huosha uso kila anapotia udhu, na kipandikizi kipya hakivumilii maji wala kusuguliwa katika siku za mwanzo. Tena kusujudu hujaza damu usoni na kunaweza kuanzisha kutoka damu chini ya mshono. Mwambieni mapema kwamba atahitaji kukinga kidonda na maji, na kuswali ameketi kwa siku chache, kisha amuulize imamu wake kuhusu kutayamamu, yaani kujitoharisha bila maji, na namna ya kuswali akiwa na kidonda. Mkinyamaza, atachagua ibada yake, na kipandikizi kitang'oka. Mvuvi naye aambiwe waziwazi lini anaruhusiwa kurudi baharini, kwa kuwa neno kama "pumzika kidogo" halina maana kwa mtu anayelisha watoto kwa mshipi.

Kuhusu rufaa, andika barua yenye kila ulichokiona, ambatanisha majibu ya maabara, hakikisha usajili wake wa SHA, Mamlaka ya Afya ya Jamii inayolipia matibabu, unafanya kazi kabla hajapanda gari, na mpigie simu daktari anayempokea. Kutoka hapa hadi Mombasa ni kilomita kama 120, na mgonjwa aliyefika hospitali ya rufaa ya Coast General akaambiwa arudi kwa sababu karatasi haikukamilika, mara nyingi hurudi kijijini moja kwa moja. Chukua namba ya simu ya mgonjwa na ya jamaa mmoja anayekaa naye, na umpigie baada ya tarehe ya miadi.

Akisharudi Malindi, ni wako tena. Marejeo mengi ya karsinoma ya seli skwamasi hutokea ndani ya miaka 2 ya mwanzo, kwa hiyo aonekane kila miezi 3 hadi 6 katika kipindi hicho, na baada ya hapo angalau mara moja kwa mwaka. Mwenye ualbino hana tarehe ya kuachiliwa. Kila anapokuja, mvue kofia, papasa kovu lote kwa kidole, papasa shingo pande zote mbili, angalia nyuma ya masikio, mwombe akunje kipaji na kutabasamu, tafuta kidonda kipya mbali na kile cha zamani, na uhakikishe losheni yake haijaisha kabla hajatoka chumbani.